Mama Mkwe na Bwana Mashtaka

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya, mume wangu alikuwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, kwa hiyo nyumba tuliijenga mimi na mama yake. Wanaume wa kijiji walitusaidia kusimamisha nguzo na kuezeka, lakini udongo wa kukandika tuliukanyaga wenyewe, kanga kuukuu tumezifunga kiunoni, yeye akiimba nyimbo za Kiha za ujana wake na mimi nikiitikia pale nilipozijua. Kule milimani tulikotoka, upande wa Buhigwe, kila nyumba ilikuwa peke yake katikati ya migomba yake, na ukitaka kumwona jirani ilibidi uvuke bonde. Hapa nyumba zilipangwa kwa mistari kama madawati ya shule. Ukikohoa, jirani anakupa pole.

Nilikuwa binti wa mjini, ikiwa Kasulu ya wakati ule tutaiita mji. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na Kiswahili nilikijua vizuri, lakini jembe nililishika kana kwamba naogopa kuliumiza. Mama mkwe hakunicheka. Alikuwa akipita nyuma yangu shambani, anarudia mahali nilipokosea bila kusema neno, na jioni ananisifu mbele ya wageni kwamba mkwe wake analima. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mwekundu uliolowa asubuhi, ukungu haujaondoka bondeni, namwona ameinama mbele yangu na kikapu chake cha mbegu za maharage.

Alikuwa mkunga. Hakusomea popote, alifundishwa na shangazi yake, naye shangazi sijui alifundishwa na nani. Nusu ya watoto wa milima ile walipokewa na mikono yake, nami wa kwangu wa kwanza alimpokea yeye. Alikuwa na mikono midogo kama ya msichana, na kila jioni aliipaka mawese akiisugua taratibu mbele ya moto. Wanawake walipomwita hakuuliza ni nani wala ni mbali kiasi gani. Alichukua kanga yake akaenda.

Katika mtaa wetu mpya tulitazamana mlango kwa mlango na bwana mmoja na mkewe. Tuliwapenda. Yule bwana ndiye aliyetutengenezea mlango wetu kwa mbao alizobeba kutoka nyumba yake ya zamani, na mkewe na mimi tulikuwa tukienda chemchemi pamoja. Mkewe alijifungua mvua za kwanza zilipoanza, mama akampokea mtoto, wa kike, mwenye nywele nyingi mpaka watu wakatania kwamba amezaliwa amesukwa. Mtoto alikua vizuri. Alipoanza kutambaa, homa ikampata, kisha degedege. Walimbeba kumpeleka zahanati, akafia njiani.

Tulikuwa sote msibani. Mama alikaa na wanawake, karibu kabisa na mama wa mtoto, amemshika mgongoni. Ndipo yule bwana akasimama katikati ya watu, macho mekundu, akamnyooshea mkono. Alisema mikono ile iliyompokea mtoto wake ndiyo iliyomchukua, kwamba amemla. Alisema yule ni mlozi, na kwamba watu wote wanajua ila wanaogopa kusema.

Mama aliondoa mkono wake mgongoni kwa yule mwanamke, akainuka, akatembea mpaka nyumbani kwetu. Ni hatua chache tu, lakini watu walimpisha njia pana kama mtu aliyebeba moto.

Tangu siku ile hakuitwa tena. Wanawake waliokuwa na mimba walipotuona tunakuja waliingia ndani. Kwenye chemchemi walisubiri mbali mpaka tuchote tuondoke. Kanisani benchi letu likawa na nafasi. Usiku na mchana mama hakulalamika, lakini niliona ameacha kupaka mawese mikononi.

Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaniambia huo ni uchungu wa mfiwa, utapoa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akasema mambo ya namna hiyo humalizwa nyumbani. Baada ya kuvuna mahindi nilimbeba mtoto wangu nikaenda Kasulu kuwasalimia wazazi, nikamweleza baba. Alikuwa anashona suruali ya askari mmoja. Alisimamisha cherehani, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, serikali ina sheria yake, na pale kwenye jengo la polisi karibu na mahakama kuna mwendesha mashtaka ambaye kazi yake ni hiyo. Watu walimwita Bwana Mashtaka.

Nilirudi na habari hiyo nikidhani mama ataikataa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha akauliza, "Huyo bwana anasikiliza mtu kama mimi?"

Nikamwambia sijui.

"Basi twende tukaone."

Tulipata lori lililokuwa likipeleka kahawa mjini. Tulikaa juu ya magunia, mtoto katikati yetu, vumbi jekundu likatupaka mpaka kope. Mama hakuwa amepanda gari tangu azaliwe. Kwenye mteremko wa kwanza alinishika mkono kwa nguvu, kwenye wa pili akaulegeza, na tulipofika kwenye mikaratusi ya kuingilia mjini alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza kwenye upepo, anatabasamu. Kwa kitambo kile nadhani alisahau tulikokuwa tunakwenda.

Askari wa kaunta alitusikiliza vizuri, lakini akasema Bwana Mashtaka amekwenda Kibondo, kuna kesi kule, naye hakujua itakwisha lini. Alitushauri turudi kwetu. Mama akanitazama, nikamtafsiria. Akasema tutangoja.

Shida ikawa pa kungojea. Kwa desturi zetu, mama wa kijana kulala nyumbani kwa wazazi wa mkwewe ni aibu kubwa, na kula mbele yao ni aibu zaidi. Lakini hatukuwa na kwingine. Mama yangu alimpa chumba cha uani chenye mlango wake, ili waweze kuishi nyumba moja bila kuonana sana. Kila chakula kilipoletwa mama mkwe alionja kidogo, akashukuru, akasukuma sahani. Alasiri nilimfuata nyuma ya nyumba na viazi vitamu nilivyovificha kwenye kanga, akala amegeukia ukuta, na tukacheka kimyakimya kama watoto walioiba sukari. Siku moja mama yangu alitukuta. Alisimama akatutazama, akarudi ndani, na kuanzia hapo viazi vilianza kuachwa juu ya jiwe lile la nyuma ya nyumba, vimefunikwa na jani la mgomba.

Nikifikiria miaka ile, siku zile za kungoja ndizo ninazozitamani kuliko zote. Sijui kwa nini, maana tulikuwa na hofu. Asubuhi ilikuwa baridi, moshi wa kuni umetanda juu ya mabati na nyasi za mji mzima. Mama aliomba kazi, akapewa maharage ya kupukuchua, na mchana akakaa pembeni ya kibanda cha baba sokoni, akitazama sindano ya cherehani ikipanda na kushuka. Baba hakuweza kumtazama usoni, wala yeye baba. Walizungumza kupitia kwangu hata walipokuwa wamekaa karibu kiasi cha kupeana mkono. "Muulize mkwe, binti tuliyempa tulimlea vizuri?" baba anasema, anashona. Naye ananiambia, "Mwambie mkwe, wao ndio waliotupatia mtu."

Baba aliona blauzi ya mama imechakaa mabegani. Alitaka kumshonea nyingine ya kwenda nayo ofisini, lakini kumpima asingeweza. Basi alinipa mimi futi, nikampima mama uani, nikamletea baba vipimo vyote nimevikariri. Vilikuwa na makosa. Blauzi ilitoka pana, ya kitambaa cha buluu chenye maua meupe, mikono ikamfika kwenye vidole. Mama aliivaa akasema haijapata kuonekana blauzi nzuri kama ile. Aliikunja mikono, akajitazama kwenye kioo cha baba cha wateja muda mrefu.

Bwana Mashtaka aliporudi, tuliitwa mchana. Nilikuwa nimeandika malalamiko yetu kwa mwandiko wangu bora, baba akayasoma na kunisahihisha. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, meza, na picha ya Rais ukutani. Yeye alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mrefu, mwenye sauti ya chini, na koti la sare alilitundika kwenye kiti. Alipotuona tumeingia alisimama akamwambia mama, "Mwakeye."

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilijizuia nisicheke. Lakini mama aliinama, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, akaitikia yote kwa ukamilifu, akamuuliza habari za nyumbani kwake na za watoto na za mifugo. Yule bwana hakuelewa hata neno, ila alibaki amesimama mpaka alipomaliza.

Niliweka barua mezani. Aliisoma, akaiweka kando.

"Umeandika vizuri, binti," alisema. "Sasa nataka kumsikia mwenyewe."

Mama akaeleza kwa Kiha na mimi nikageuza kwa Kiswahili. Alieleza habari za mtoto, tangu alivyozaliwa, uzito wake mkononi, alivyokuwa akimrukia kila amwonapo. Alieleza msiba. Alipofika kwenye yale maneno, mimi nikasita, nikasema, "Yule bwana alimlaumu kwa kifo." Mama aligeuka. Kiswahili cha kujieleza hakuwa nacho, lakini cha kusikia alikuwa nacho cha kutosha.

"Sivyo alivyosema," akaniambia. "Sema alivyosema."

Nikasema. "Alisema mama ni mlozi. Kwamba alimla mtoto." Bwana Mashtaka akaandika.

Akauliza waliokuwepo, nikawataja. Akauliza kama kuna aliyempiga au kuharibu mali yake, tukasema hapana. Alieleza kwamba hata bila hayo, kumtaja mtu hivyo kunatosha kumfikisha mtu mahakamani, na kwamba akipatikana na hatia anaweza kufungwa. Niligeuza maneno hayo, mama akatikisa kichwa.

"Mwambie sitaki afungwe. Mkewe amefiwa na mtoto. Akifiwa na mume pia, atalima na nani?"

Bwana Mashtaka aliweka kalamu chini. "Mama amekuja kwa mwendesha mashtaka, na hataki mashtaka?"

"Nataka mashtaka," mama alisema, na hilo alilisema kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye Kiha: "Alisema mbele ya watu. Naye aje ayarudishe mbele ya watu. Serikali imwambie."

Bwana Mashtaka akachukua kalamu tena. Akasema uwezo wa kumlazimisha mtu atamke maneno kijijini hana, na hakimu naye hana. Sheria inajua faini na kifungo na onyo. Lakini faili atalifungua, na yule mtu ataitwa. Nilidhani yameisha. Mama hakuinuka. Aliniambia nimuulize kama serikali yenyewe inaamini kuna walozi.

Niliogopa kuuliza. Bwana Mashtaka akasema, "Uliza tu, binti, nimeona ana swali." Nikauliza. Alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mwambie mama, serikali haiwezi kuona moyo wa mtu. Inachotaka ni watu wasiumizane."

Mama alilifikiria hilo. "Hiyo ni akili," alisema, akainuka.

Kwenye karatasi ya maelezo aliweka dole gumba. Aliutazama ule wino wa zambarau kidoleni njia nzima, na hakuuosha mpaka ulipofutika wenyewe.

Samansi ilifika kijijini mvua zikiwa zimekaribia. Yule jirani aliipokea mbele ya nyumba yake, mkabala na mlango wetu, wakati mimi na mama tunaanika mihogo. Hakutukana. Alitutazama tu kwa muda, akaingia ndani, na tangu hapo mpaka siku ya kesi mlango wake ulifunguliwa mara chache. Watu walisema tumemwonea mfiwa. Shemeji zangu wawili walitutumia ujumbe kwamba tumeiaibisha familia kwa kuipeleka mahakamani. Mimi nilianza kuyumba. Nilimuuliza mama kwa nini tusirudi tukaombe kesi ifutwe.

"Wewe una mtoto wa kike," alinijibu. "Akikua akaambiwa bibi yake alikuwa hivi, atajibu nini?"

Siku ya kesi tulifika Kasulu mapema, tukakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Bwana Mashtaka. Yule jirani alikuja baadaye, amevaa shati safi, na nyuma yake akaja mkewe. Hatukumtegemea. Hakuwa ameitwa. Alipita mbele ya mumewe, akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akakaa kando ya mama, mahali ambapo hapakuwa na nafasi mpaka mimi nikasogea. Hawakusalimiana. Alikaa tu pale, bega lake limegusana na bega la mama, na mumewe amesimama uani akiyaona yote. Bwana Mashtaka alipofungua mlango akauliza huyu ni nani, yule mwanamke alijibu mwenyewe.

"Mimi ni mama wa mtoto. Kama mnataka shahidi, mimi sikuwahi kusema mama huyu amemla. Mtoto wangu aliugua."

Nadhani kesi ilikwisha pale kwenye benchi. Mahakamani, hakimu alimsomea yule bwana shtaka, akamuuliza kama ni kweli. Alisema ni kweli alisema maneno hayo. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Mtoto alikufa." Bwana Mashtaka alisimama, akaieleza mahakama kwamba mlalamikaji haombi adhabu kali, anaomba maneno yarudishwe kule yalikosemwa. Hakimu alimwachia kwa onyo na kwa sharti asirudie kosa, kisha akavua miwani. Alisema ombi la mama huyu si amri ya mahakama, ila anamwachia mshtakiwa mwenyewe, kama mtu mzima.

Nilidhani hatafanya. Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu shamba la pamoja. Mwenyekiti alipouliza kama kuna lingine, yule bwana akasimama. Alivua kofia. Alisema siku ya msiba alimwita mama huyu mlozi, kwamba hakuona kitu chochote, kwamba aliongea kwa uchungu. "Nayarudisha," alisema. Akakaa. Mama alikuwa amevaa blauzi ile ya buluu. Aliinama palepale alipokaa, akapiga makofi taratibu, kama anavyoitikiwa mtu aliyekusalimu kwa heshima, na watu wachache, kisha wengi, wakapiga naye.

Ningependa kusema kwamba mambo yakarudi kama zamani. Hayakurudi yote. Benchi letu kanisani lilijaa, na chemchemi tulichota na wenzetu, lakini walikuwepo wanawake ambao hadi mwisho walifunika watoto wao mama alipopita. Mume wangu aliporudi kutoka Urambo alisikia habari zote kwa watu kabla hatujamwambia. Alicheka, akasema ameoa nyumba ya mawakili.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Kibondo kwenye semina ya akina mama, nilimkuta Bwana Mashtaka sokoni ananunua asali. Alikuwa amehamishiwa huko. Alinitambua yeye kwanza, na jambo la kwanza aliloniuliza ni habari za yule mama wa salamu ndefu. Nilimwambia yupo, anakusalimu. Uongo mdogo, lakini nilipofika nyumbani nikamwambia mama nimempelekea salamu zake, naye akasema nilifanya vyema.

Mama hakupokea tena mtoto wa mtu yeyote. Walianza kumwita upya, akakataa, kwa upole, kila alipoitwa. Alisema zahanati ipo. Mke wa yule jirani alipopata mimba nyingine, na uchungu ulipomshika mchana mmoja tukiwa tunapura maharage, mumewe mwenyewe ndiye aliyevuka njia na kuja mlangoni kwetu. Alisimama, kofia mkononi. Mama aliweka ungo chini, akachukua kanga yake, akaniambia nije.

Tulimsindikiza yule mwanamke mpaka zahanati, mumewe akifuata nyuma, tukipumzika kila alipohitaji. Mama alitembea mbele, akigeuka kumwambia apumue vipi, aweke mguu wapi, lakini hakumgusa. Mimi ndiye niliyemshika. Pale zahanati mama alikataa kuingia. Alisimama nje kwenye dirisha, mahali ambapo kila mpita njia angemwona, mikono ameiweka wazi juu ya kizingiti cha dirisha, akazungumza na yule mwanamke kupitia nondo kwa sauti yake ya chini mpaka mtoto alipolia. Ndani, muuguzi akauliza nani anataka kumshika kwanza.

"Baba yake," mama akasema kutoka nje.

Jua lilikuwa bado lipo tulipoanza kurudi. Alitembea polepole, amechoka, amenishika begani. Tulipofika kwenye kilima unapoweza kuona kijiji chote chini, mistari yake ya nyumba na moshi ukipanda kutoka kila jiko, alisimama apumzike. Aliniambia mtoto ni wa kiume, na analia vizuri. Kisha akaanza kuzungumzia maharage tuliyoyaacha uani, kama kuku watakuwa wameyafikia.